Breki ya Kidole Kimoja

Duka la Jernej linanuka mpira mpya na kahawa iliyoungua.
Nimekuja na bahasha. Miezi kumi na minne
ya kukanda unga saa tisa usiku
imekunjwa humo, noti juu ya noti,
na vumbi jeupe bado limo kwenye pembe.

"Ya kwanza?" anauliza.
Ya kwanza, nasema, kwa miaka hamsini na mitatu.
Ile ya posta siihesabu: chuma kitupu, kikapu mbele,
na breki iliyopiga yowe mpaka mbwa wote wa mtaa wakanijua.

Ananionyesha kwanza ile nyekundu.
Shokapu mbele, shokapu nyuma,
fremu nyepesi kama kapu la mikate jioni.
Bei? Naigeuza lebo, nayo inajigeuza tena,
kana kwamba inanionea haya.
Vijana wawili wenye magoti yaliyochubuka wanaisifu:
hii inaruka, mama, hii inashuka hata ngazi!
Mimi sina ngazi ya kushuka.
Nina njia ya zamani ya reli ya machimbo,
changarawe, mizizi michache ya misonobari,
na kijito ambacho mwezi wa Agosti
hata kuku hukivuka bila kulowa.

Jernej si mwongo, namshukuru.
Anairudisha ndoanoni. Ananyamaza. Anajikuna shingo.
Kisha kutoka nyuma, penye spana na mafuta,
anaisukuma moja ya kijani,
kijani cha supu ya jana,
yenye mkwaruzo kwenye bomba la chini.
Ilikuwa ya mwalimu wa Ravne, amehamia kwa binti yake.
Shokapu mbele tu. Gia kumi. Mnyororo mpya.
Tairi pana zenye meno; usizijaze upepo sana, anasema,
acha zikanyage ardhi kwa wayo, si kwa kisigino.

Nataka kupanda. Ananizuia.
"Simama juu yake kwanza, miguu yote chini."
Nasimama. Kati ya bomba na mimi pana nafasi
ya vidole vitatu na aibu kidogo.
Ile nyekundu ilinisimamisha kwa ncha za vidole,
kama mgeni asiyejua kiti chake ni kipi.

Halafu breki.
Mikono yangu ni mikono ya tanuri:
vifundo vimevimba, asubuhi havifungui kopo la jamu.
Navuta kwa kidole kimoja
na gurudumu linasimama
bila yowe, bila ubishi,
kama mtu aliyeitwa jina lake kwa sauti ya chini.

Sikumwambia Jernej, wala wale vijana,
kwa nini mlima huu.
Drago aliingia ndani yake miaka ishirini na mmoja,
taa kichwani, akitafuta risasi.
Aliujua matumbo: wapi unatoa jasho, wapi unakoroma.
Jumapili mezani alichora vichochoro vyake
kwa uma, kwenye viazi vilivyopondwa, mpaka vikapoa.
Mimi niliujua kwa dirisha la jikoni,
kama jirani ambaye hatujawahi kusalimiana.
Sasa yeye yuko chini kwa namna nyingine,
nami nataka kuujua mlima kwa ngozi,
polepole,
na pale utakaponishinda nitashuka nisukume.

Nahesabu noti. Zinabaki za kununulia helmeti
na pampu ndogo.
Jernej anashusha kiti kwa upana wa dole gumba,
anapuliza unga kwenye bahasha, anapiga chafya, anacheka.

Nje mvua imeanza, ile nyembamba isiyoamua.
Nilikuwa nimepanga kuikokota mpaka nyumbani.
Au nipande mita mia moja, labda.

Mwisho wa ukuta wa shule lami inakatika.
Njia inainama, inaingia chini ya misonobari.
Naweka kidole kwenye breki,
kimoja,
sivuti.