Mifuko ya Makoti

Belo likipasuliwa Gikomba kabla ya jua,
shangazi Nduku alikagua mishono, zipu, kwapa.
Mimi nilikagua mifuko.

Yeye alitafuta doa. Mimi nilitafuta mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, mkono mwembamba
uliozama hadi kiwiko katika giza la bitana,
giza lenye harufu ya dawa ya nondo na mvua ya kwingine.
Nikatoa: tikiti ya treni iliyotobolewa mara mbili,
kifungo kisicho cha koti lile,
orodha ya penseli kwa lugha nisiyoijua,
neno la tatu limekatwa kwa hasira
hata karatasi ikachanika.

Nani hukasirikia neno la tatu?
Lilikuwa vitunguu? Lilikuwa jina?
Sijalijua hadi leo,
na nimeshaliandikia vitabu viwili.

"Mtoto huyu atakufa na swali mdomoni,"
shangazi alisema, akininyang'anya, akinituma maji.
Lakini jioni, akihesabu noti,
aliuliza bila kuinua kichwa:
"Haya, leo umepata nini?"

Siku moja ulikuwa ufunguo.
Wa shaba, mdogo, meno matatu, namba arubaini na moja.
Nikaenda nao Kariobangi umefichwa chini ya ulimi,
nikila chakula cha jioni upande mmoja wa mdomo.
Ploti yetu ilikuwa na milango kumi na minane.

Najua, najua. Koti lilitoka ng'ambo.
Lakini ili ujaribu ufunguo
sharti usimame mlangoni, uinamishe sikio, ubane pumzi.
Kwa Mama Adhis, redio ilimsomea bei ya mahindi mtu aliyelala.
Kwa fundi Musembi, ndevu zake zote zile,
sauti ilitamka ba, be, bi, polepole, kwa aibu.
Mlango wa kumi na moja: kimya,
lakini kimya cha watu wawili.

Kwenye wa kumi na nne nikashikwa.
Kofi lile, shavu hili la kushoto linalikumbuka.
Nikalia kwamba sikutaka kuiba,
nilitaka kujua tu.
Mwenye ploti akacheka, akajikuna shingo:
"Kwani kuna tofauti?"

Miaka thelathini naishi naye.
Ngara, ghorofa ya nne, usiku,
taa za magari zikitambaa darini,
nikichukua kikohozi cha jirani nimpe mhusika,
nikichukua na talaka yake, ambayo hakunisimulia,
namsikia: kwani kuna tofauti?
Kuna siku naiona, wazi kama mchana.
Kuna siku nafuta ukurasa mzima
na kwenda kumsalimia jirani, mikono mitupu.

Jumamosi iliyopita, baridi ya Julai ikiuma,
nilipeleka Gikomba koti langu la kijivu.
Shangazi sasa huketi tu, biashara ni ya mwanawe,
lakini alilipokea yeye, akakagua mishono, zipu, kwapa.
Mifuko hakuigusa. Alinitazama, akalitundika.

Nimeacha kitu humo.
Mfuko wa kulia, wenye tundu kwenye bitana,
pembeni kabisa, ambako kidole kivivu hakifiki.
Si ufunguo; ufunguo uko hapa, umekalia karatasi hizi
zisipeperuke.

Ni nini basi?

Ingiza mkono.