Wingu la Neti

Nimelishona wingu kwa neti kuukuu ya mbu,
ile ya buluu iliyoungua upande kwa mshumaa,
nikalijaza pamba ya godoro la marehemu shangazi;
pindo mara mbili, maana Mbeyu hukaa chini popote.
Fundi wa mlango wa pili akauliza,
"Bibi harusi wa nani huyo?"
Nikataka kumjibu. Neno likanasa kooni, kama kawaida yake,
akarudi kwa suruali zake kabla sijalitoa.

Mbeyu ana miaka mitano. Ulimi wake haukurithi wangu.
Siku tatu alikaa chini ya meza ya charahani,
juu ya vipande vya vitenge,
akikariri ubeti wa Mwalimu Umazi,
na mguu wangu kwenye pedeli ukimpigia mizani:
taka-taka, taka-taka,
nane, kisha nane, kisha nane.
Uzi ukikatika, naye husimama,
akangoja nitunge sindano ndipo aendelee.

Jumamosi, Muyeye. Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri
ikaacha uwanja wa shule unanuka vumbi lililokunywa.
Viazi vya karai, mabuyu mekundu, achari ya embe kwenye karatasi;
jogoo wa bahati nasibu kafungwa mguu kwenye nguzo ya goli,
anawika kila mwenyekiti wa wazazi anapotaja choo kipya.
Na mwenyekiti alikitaja sana.

Kisha wakaitwa: Jua. Upepo. Vyura wawili.
Wingu.

Akatoka akitembea kama aliyejitwika maji.
Nikauona ushono, Mungu nisamehe, kabla ya kumwona mtoto:
bega la kushoto limevutika.
Halafu nikauona uso.

*Mimi wingu la masika,
kila paa nimefika,
na ndoo*

Na ndoo.
Kipaza sauti kikakoroma.
Mtu akacheka nyuma, si kwa ubaya; mwingine akasema, "Masikini."
Midomo yake ikafunguka, ikafunga, ikafunguka,
nami naijua hiyo, naijua kuliko yeyote uwanjani pale:
mlango uko wazi, neno limekataa kupita.

Neno nilikuwa nalo. *Zikipangika.* Zikipangika.
Lilinijaa kinywani kama tonge la moto,
na nafsi ikaniambia: simama, piga kelele.
Z-z-z, nikasema.
Mama mmoja akadhani nafukuza nzi.

Mkono ukaingia mfukoni, ukakuta subana.
Nikagonga mgongo wa kiti cha plastiki mbele yangu,
kiti cha mama mkwe wa mwalimu mkuu,
akageuka na macho yake yote, nikagonga tu:
taka-taka, taka-taka.

Kichwa cha Mbeyu kikainama kidogo, upande wa sikio.
Akatazama huku, si usoni kwangu, chini, miguuni,
kama anayeitafuta meza yake.
Kisha:

*na ndoo zikipangika
nitashuka*

Ilikuwa "taratibu." Siku zote tatu ilikuwa "taratibu."

*nitashuka kwa kishindo!*

akaruka kutoka jukwaani, wingu na yote,
akatua topeni kwa magoti.
Vyura wakamfuata, ingawa hawakuambiwa. Jua likalia.
Watu walipiga makofi mpaka jogoo akanyamaza,
na Mwalimu Umazi, karatasi mkononi,
akatafuta mstari huo, asiuone, akaikunja.

Njiani alitaka kujua kama alikosea.
Nilikuwa na jibu refu. Likaanza, likakwama,
naye akangoja, kama anavyoningoja nitunge sindano,
akilamba rangi ya mabuyu vidoleni;
hakunisaidia neno, hakuniharakisha.
"Ha-ha-hapana," nikasema.
"Haya," akasema. "Lakini bega limechanika."