Nikumbushe Baadaye

Faili la Rimvydas limekataa kufunguka.
Lina herufi moja ya ziada mkiani, x,
alama ile ile niliyowawekea wasiolipa
kwa miaka ishirini na miwili ya kupiga hesabu za joto:
nyumba thelathini na mbili, jengo moja,
Panevėžys, mtaa usio na jambo la kusimulia.

Yeye ni mwenyekiti mpya. Ana haraka na viatu safi.
"Bi Danutė, pandisha toleo, ni dakika kumi."
Na Gintautas, mwanangu, kwa simu kutoka Kaunas:
"Mama, bofya tu."
Tu.
Sijaona neno fupi lenye gharama ndefu kama hilo.

Kompyuta yangu inakaa jikoni
kati ya friji na mitungi ya matango ya siki.
Ikifikiri, inakoroma.
Kumbukumbu yake ni giga mbili. Programu mpya inataka nne,
na kila mwaka inataka kodi,
kama mpangaji aliyegeuka mwenye nyumba.

Lahajedwali langu nililishona mwenyewe.
Safu ya H inagawanya kwa tatu nukta nne tano mbili nane:
hapo ndipo tulipovukia kutoka litasi kwenda yuro.
Sijaifuta, maana yule wa namba tisa
bado anadai tulimpunja senti sita.
Kabla ya litasi palikuwa na talona,
vikaratasi vyenye picha za wanyama. Kabla ya talona, rubli.
Kila mara nililala na fedha moja nikaamka na nyingine.
Niliboreshwa: mshahara, jina la mtaa,
bendera, ramani iliyokuwa ukutani ofisini.
Hakuna aliyegonga mlango akaniuliza.

Mashine hii imeuliza.
Kisanduku cheupe katikati ya kioo:
Toleo jipya lipo. Usasishe sasa?
Vitufe viwili: Ndiyo. Nikumbushe baadaye.
Nimetafuta Hapana, hata chini, hata pembeni. Haipo.
Lakini nusu ya swali ni afadhali kuliko tangazo.

Jumanne nilibeba nakala kwenye flashi hadi maktaba,
kwenye zile mashine mpya zisizokoroma.
Hesabu zikafunguka kamili, hadi senti.
Nilikasirika kidogo. Nilitaka zikosee.
Ila yale maelezo niliyokuwa nikiyabandika kando ya majina,
atalipa Ijumaa,
mke yuko hospitali, usimsumbue,
ameleta mayai, hesabu kama nusu,
huko yamekunjwa yakawa vipembetatu vyekundu,
na hayasemi mpaka uyaguse.
Wa namba kumi na saba alikufa Alhamisi.
Nani atagusa pembetatu yake?

Haya, nimeamua, ila si kwa leo.
Sufuria haibadilishwi uji ukiwa motoni.
Joto linazimwa Aprili. Mpaka wakati huo
Rimvydas aikate x yake, au aje na karatasi;
chai ipo, na stuli ipo, akae aone
namna baridi ya watu inavyogawanywa kwa mita za mraba.
Aprili nitanunua giga mbili nyingine,
nitalipa kodi ya mwaka mmoja, mmoja tu
(na mimi nimelisema),
nijifunze upya vitufe vimehamia wapi
kama nilivyojifunza sura za noti,
nikishika kila moja kwenye mwanga.
Maelezo nitayanakili kwa mkono kwenye daftari,
kuanzia namba kumi na saba.
Namba tisa nitampa senti zake sita, nimnyamazishe.

Nimebofya.
Kisanduku kimejifunga bila ubishi.
Kimesema kitarudi baada ya siku saba.
Kije.
Nipo.