Sifuri ya Juni

Tarehe ishirini na nane, Kakamega.
Mvua ya saa nane imeingia kama kawaida yake, bila hodi,
na mimi nina mia tano kwenye fundo la leso
ya kumpa kijana wa saiba anijazie ritani.

Mwaka juzi ilikuwa mia mbili.
Mwaka jana mia tatu na hamsini: "Mtandao uko chini, mama."
Mtandao hushuka Juni, bei hupanda Juni,
sijui hupishana wapi njiani.

Pini yenyewe niliichukulia kazi ya kaunti,
kufagia barabara ya hospitali.
Kazi wakapewa wengine, nikabaki na pini:
herufi, tarakimu tisa, herufi tena,
kama namba ya gari nisilokuwa nalo.

Khasandi, auzaye mrenda mkabala nami, akacheka.
"Mia tano? Nenda Huduma,
kuna meza ya watu wa kodi. Bure."

Bure naijua. Bure huwa na mkia.
Dawa ya bure, ukanunue sindano.
Shule ya bure, ulete dawati.
Nikaenda hivyo hivyo, fundo mkononi,
nikiusubiri mkia.

Foleni: mwalimu wa bodi na fomu yake ya P9
ndani ya mfuko wa nailoni isilowe;
kijana wa bodaboda na barua ya faini,
elfu mbili kwa kuchelewa,
anaisoma mara ya kumi
labda itabadilika.

Wa mezani anaitwa Livondo.
Beji yake imeandikwa kwa kalamu.
Akaingiza pini, akanyamaza, akanigeuzia kioo:
"Mama, hii barua pepe ni ya nani?"

Wafubwa!
Wafubwa wa saiba ya kwanza,
aliyefunga duka akahamia Malaba na kompyuta zake mbili.
Miaka sita jina langu limelala sandukuni mwa Wafubwa,
nami kila Juni nalilipia kodi ya kulala.

Kulitoa kulichukua muda.
Kitambulisho. Simu. Namba ya siri
inayofika na kuisha kabla sijavaa miwani.
Ya tatu niliisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia,
Livondo akafumba macho, akaomba ya nne.
"Sasa chagua nywila. Usiniambie."
Akageukia ukuta.
Nikaandika jina la ng'ombe aliyenisomeshea watoto.

"Mapato ya mwaka jana?"
Nikamhesabia. Ndizi, Jumatano na Jumamosi.
Kuku wanane kabla ya kideri, watatu baada yake.
Kupalilia mahindi ya watu kule Lurambi, siku kumi na moja,
mbili sijalipwa hadi leo.
Alisikiliza yote, hakuandika lolote.
Akanieleza kiwango kilipo, na mimi nilipo:
mbali, chini.
"Tutaweka sifuri."

Sifuri? Kijana, nimelisha watu watano kwa sifuri?

Akajikuna shingo.
"Ni sifuri ya kwao, mama. Si yako."

Nikabonyeza mwenyewe.
Kidole chenye nyufa za sabuni; kitufe kikakataa,
halafu kikakubali.

Risiti ikatoka ikiwa na joto la mandazi.
Nikafungua fundo, mazoea.
Akaurudisha mkono wangu taratibu:
"Hairuhusiwi. Mwakani njoo Januari, hapa huwa patupu.
Au fanya mwenyewe kwa simu,
nimekuandikia hatua hapo nyuma."
Hatua saba, kwa mwandiko wa daktari.
Ya nne nitamuuliza mjukuu.

Mkia sikuuona. Niliutafuta hadi mlangoni.

Nje mvua ilikuwa imebaki kwenye mabati tu.
Na pale kwenye kiti nilichokalia
nilisahau ndizi nne mbivu.
Nilizisahau vizuri,
zikiwa zimeielekea meza.