Sifuri na O

Meneja alimuuliza, "Kioo cha kompyuta utakionaje?"
Subilaga akajibu, "Sitakiona. Kitasema."
Tukacheka sisi wenye macho, kikao kizima,
mvua ya Tukuyu ikigonga bati kama mdai.
Akapewa miezi mitatu ya majaribio
na meza ya jirani na choo.

Mashine yake ina sauti ya mwanamume wa mbali,
hajui Kinyakyusa hata salamu:
Mwakajumba anamvunja vipande vinne,
Katumba anaitamka kama jina la dawa.
Husoma mbio. Mimi nasikia nyuki;
yeye anasikia mabano, nukta, mstari uliokatika.

Mwezi wa pili akaja Mama Tulinagwe
na kikapu cha chai mgongoni, hadi ofisini.
"Nachuma, mnapima, pesa hainijui."
Tukafungua rekodi zake, watu wanne,
tukainamia kioo hadi pumzi zetu zikakitia ukungu.
Namba ya uanachama hii hapa,
ilivyo kwenye kadi ndivyo ilivyo humu.
Tukamtuma benki.
Benki wakamrudisha kwetu.

Subilaga hakuinama. Aliongeza sauti,
akampunguza mwendo yule wa mbali:
Nne. Sifuri. O. Saba.
"Rudia."
Nne. Sifuri. O. Saba.

Herufi!
Duara lile lile kwa jicho, ila si tarakimu,
na chai ya miezi mitatu ilikuwa imetumbukia humo.
Aliyeiingiza ni mimi.
Kidole kiliteleza safu moja chini.

Mama alilipwa Ijumaa.
Akaleta mkungu wa ndizi kushukuru,
akampa meneja.

Kisha mkataba wa Subilaga ukatoka,
umegongwa muhuri, umeskaniwa, umetumwa.
Mashine ikausoma:
Picha.
Ukurasa wa pili: Picha.
Pa kutia sahihi: Picha.

Nilibaki ofisini kuuandika upya, neno kwa neno,
hadi mlinzi akaja kuniuliza kama sina kwangu.
Asubuhi aliusikiliza wote, mikono mapajani,
sweta lake bado lina matone ya ukungu.
Ulipokwisha, akageuza uso upande wangu.

"Kwenye mshahara," akasema,
"umeniwekea O tena."