Mkono wa Kushoto

Porvenir, mwezi wa nne. Upepo unausukuma mlango
wa zahanati kama mdai aliyechoka kubisha.
Don Baldovino anavua koti, sweta, na sweta nyingine,
kila vazi analikunja polepole, pembe kwa pembe.

"Mkono upi?" anauliza Yasna, muuguzi.
"Wa kushoto. Wa kulia una kazi."

Miaka arobaini amewachoma kondoo sindano,
elfu mbili kwa msimu: goti ubavuni,
ngozi kidoleni, chap, nenda zako, afuataye!
Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ni lazima.

Yeye, mwaka jana, aliuliza.
Aliuliza kwa sauti, wenzake wakacheka:
mafua ni nini kwa mtu aliyelala na theluji?
Mwezi wa saba akaenda kucheza karata,
akarudi na kikohozi kidogo cha kusahaulika.
Akakisahau.
Kikamwona Edelmira.

Usiku kumi mfululizo alihesabu pumzi za mkewe
kama anavyohesabu mifugo langoni,
akiogopa kukosea,
akiogopa kufika mwisho.

Haya hamwambii Yasna.
Anaitazama kalenda ya duka la mbao.
Chap.
"Tayari?"
"Tayari."

Robo saa aliyoamriwa anaikaa yote, bega likianza kuuma.
Kisha anashindana na mlango, anatoka.
Edelmira yumo garini, zamu yake imefika,
sweta keshaivua, na baridi yote hii.

"Umelia?"

"Kikondoo," anajibu,
anamfunika koti lake, wavuke barabara.