Jibu kwa Afisa Mikopo

Bwana Urmas,
umeuliza kwenye fomu, kipengele cha saba:
biashara itakua vipi katika miaka mitano?
Nimekaa na swali hilo tangu juzi,
kalamu sikioni, udongo kwenye kucha.

Hapa Võru ardhi huganda Novemba
na haisikii ombi la mtu mpaka Aprili.
Viazi vya dalia vimelala chini ya sakafu,
kwenye masanduku ya tufaha, vimefukiwa mchangani,
kila kimoja na jina lake kwa mwandiko wa Virve,
aliyekuwa tarishi miaka thelathini
na bado anaandika kana kwamba kiazi kina anwani.
Huo ndio mtaji. Andika: mia mbili na kumi na vinne.
Panya wamekula vitatu. Andika hivyo pia;
mali bila daftari hupotea bila habari,
na panya hawaachi risiti.

Mapato.
Juni, harusi nne. Julai, sita na ubatizo.
Septemba mosi kila mtoto humpelekea mwalimu shada,
siku hiyo moja huuza kuliko Februari nzima.

Februari alikuja mama mwenye koti la manyoya,
akataka mawaridi hamsini, mekundu.
Sina, nikasema. Akacheka:
kinyozi gani huyu asiye na wembe?
Nikamwonyesha matawi ya mierebi,
vichipukizi laini kama sikio la paka.
Akavuka barabara, akaingia duka kubwa.
Sikumlaumu. Mawaridi yale yalipanda ndege
kutoka nchi yenye jua,
na huko nako kuna mwanamke aliyeamka gizani kuyakata,
ana watoto, ana karo.
Sijui nimweke upande gani wa daftari.
Mstari huo nimeuacha mtupu.

Matumizi.
Sponji ya kijani: sifuri.
Niliichimbua moja bustanini baada ya miaka minane,
ilikuwa bado na matundu ya mashina,
haijasahau hata ua moja, haijaoza hata chembe.
Sasa nakunja wavu wa banda la kuku, nausukuma chomboni.
Una kutu kidogo.
Umehudhuria harusi arobaini na haujaolewa.

Oktoba alifariki mzee Kalju,
aliyenikodisha shamba kwa asali na maneno machache.
Usiku ule ule jalidi ilishuka,
asubuhi dalia zote nyeusi kama majani ya chai.
Binti yake akasimama mlangoni: una chochote?
Tukatoka na Virve, na tochi,
tukakata kangaga, nyasi zilizokauka wima,
vichwa vya mbegu, matunda mekundu ya porini
ambayo ndege walikuwa wametusazia.
Tukayafunga kwenye pete ya mierebi kwa katani.
Nilimtoza euro ishirini. Akalipa thelathini.
Wiki iliyofuata akairudisha pete, kama mtu arudishavyo sahani ya jirani,
na vilivyonyauka nikavitupa kwenye mboji,
ambayo saa hii, nikikuandikia, inafuka moshi
katikati ya theluji.

Kwa hiyo, kipengele cha saba:
itaanza kukua mwishoni mwa Mei.
Agosti itanifika kifuani.
Oktoba itakufa.
Kisha itakua tena, urefu ule ule,
na mwaka wa tano, Mungu akipenda, itanifika kifuani.

Ninachoomba ni pipa kubwa la maji ya mvua
na tairi mbili za gari, za nyuma.

Nimeambatanisha kiazi kimoja. Si rushwa, ni kielelezo.
Usikiweke kabatini pamoja na mafaili, kuna joto.
Kikipandwa, jicho liangalie juu.